Irabu Fupi ya Kiingereza katika Sikio la Mswahili

Katika mazungumzo mengi yanayofanyika nchini kuhusu Kiswahili na Kiingereza, hoja huanzia kwenye mambo makubwa: lugha ipi ifundishie, lugha ipi itumike mahakamani, lugha ipi ikae kwenye meza ya mkutano. Mambo hayo yana wasemaji wake, na wengi wao wamenizidi kwa usomi. Mimi nina elimu ya sekondari tu, na kazi yangu ni ya masijala. Lakini kwa kuwa nimetunga mashairi kwa zaidi ya miaka thelathini, nimezoea kuipima sauti moja moja kama sonara apimavyo vumbi la dhahabu. Kwa hiyo namwomba ndugu msomaji aniruhusu niseme juu ya jambo dogo sana, yaani irabu moja fupi ya Kiingereza: namna inavyotamkwa, namna inavyoandikwa, na namna sisi tulivyoipokea. Udogo wake usitudanganye. Nimeiona irabu hiyo ikimnyamazisha kijana darasani, na nimeiona ikizuia mafao ya mjane kwa miezi kadhaa.

Irabu ninayoikusudia ni ile iliyomo katika neno la Kiingereza "bus". Mwingereza wa London huitamka kwa kinywa kilichofunguka kiasi, ulimi umelala katikati, na sauti hukatwa upesi kabla haijakaa vizuri. Sauti hiyo haina herufi yake yenyewe. Kiingereza kina herufi tano za irabu, lakini wataalamu wa matamshi ya kusini mwa Uingereza huhesabu sauti za irabu zipatazo 20. Hivyo kila herufi hulazimika kubeba mizigo ya wenziwe. Sauti hii moja huandikwa kwa u katika "cup", kwa o katika "son" na "love", kwa ou katika "country" na "young", na kwa oo katika "blood" na "flood". Anayejifunza kwa macho peke yake hana njia ya kujua kwamba maneno yote hayo ni ya ukoo mmoja.

Kiswahili nacho kina irabu tano na herufi tano, na kila herufi ina kazi moja. Herufi a ni a popote uikutapo, mwanzoni, katikati au mwishoni. Basi ilipofika sauti hii ngeni, ilizikuta kwetu nyumba tano tu, nayo haikuzaliwa katika hata mojawapo. Ikalazimu ipangishwe. Swali ni hili: nani aliyeichagulia nyumba, jicho au sikio?

Mimi ni mkazi wa Kipawa, na jibu la swali hilo ninapita mbele yake kila siku. Kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu, mafundi wa magari wametandaza kazi zao chini ya miti na mabanda. Msikilize fundi akimwambia kijana wake: ziba pancha, kaza bampa, nyoosha madigadi, angalia klachi, fungua plagi. Katika Kiingereza maneno hayo matano yote huandikwa kwa herufi u, na katika yote matano fundi ametia a. Wengi wa mafundi hao hawakupata kukaa katika darasa la Kiingereza la kutosha, na hilo ndilo lililowasalimisha. Hawakuliona neno likiwa limeandikwa; walilisikia. Walipoulizwa na masikio yao kama sauti hiyo i karibu na u au na a, wakajibu bila kusita kwamba i karibu na a, nao hawakukosea. Kwa jibu hilo hilo tumepata basi, balbu, klabu, raba, brashi, glavu, namba, jaji na bajeti. Hata sanduku la bati alilokuwa akienda nalo mwanafunzi wa bweni tuliliita tranka, kutokana na "trunk".

Tazama sasa jambo la pili, ambalo ndilo linalonithibitishia kwamba sikio halikubahatisha. Kiingereza kina irabu nyingine fupi, ile ya "bag", ambayo huandikwa kwa herufi a. Lau tungekuwa watu wa kufuata jicho, hiyo ndiyo ingepewa nyumba ya a bila ugomvi. Lakini tunasema begi. Tunasema benki, bendi, betri, gesi, teksi, stendi, trekta, meneja, gereji na stempu. Sikio la Mswahili limeikataa herufi iliyoandikwa, likaichukua sauti iliyosikika, na kuipeleka kwenye nyumba ya e iliyo jirani yake. Matokeo yake ni kwamba Mwingereza anapotofautisha "bug" na "bag", sisi nasi tuna njia ya kuzitenga sauti hizo mbili: hii katika a, ile katika e. Huo si uzembe wa matamshi, bali ni utaratibu.

Sidai kwamba utaratibu huo hauna mianya. Tuna blanketi na jaketi, kamera na kampeni, ambamo sauti ya "bag" imeingia kwa a kama ilivyo kwenye maandishi. Huenda maneno ya namna hiyo yaliletwa na karatasi, au yalipitia lugha nyingine kabla ya kutufikia. Kuna pia shati na sketi, maneno mawili ambayo katika Kiingereza yana irabu moja, tena wanahistoria wa lugha hiyo husema kwamba zamani yalitokana na shina moja. Kwetu moja likavaa a na jingine likavaa e. Nguo hazifuati sheria siku zote.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukumbuke kwamba sikio hilo halikuanza kazi yake kwa Waingereza. Lilikwisha kufanya kazi karne nyingi kabla, Waarabu walipoleta maneno yao pwani. Kiarabu kina irabu fupi tatu tu, yaani a, i na u. Hata hivyo neno lao "ilm", linaloanza kwa sauti ya kooni iitwayo ayn, kwetu limekuwa elimu. "Hisab" limekuwa hesabu, na "hikma" limekuwa hekima. Lakini "kitab" limebaki na i yake katika kitabu. Kwa nini? Kwa sababu katika yale ya kwanza i imeandamana na sauti ya kooni, na koo huivuta i ishuke na kukaribia e. Wazee wetu waliisikia i hiyo ilivyoshuka, wakaiita kwa jina lililoifaa. Walipokuja kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu walikabiliwa na taabu iliyo kinyume cha taabu ya Waingereza: walikuwa na irabu tano na alama tatu za kuziandikia, hata msomaji wa utenzi wa kale akawa anaamua mwenyewe, kwa kuufuata mkondo wa maana na vina, kama alama fulani ni e au i, ni o au u. Hati ya Kilatini ilipoletwa, wamisionari waliandika konsonanti kwa namna iliyokaribia Kiingereza na irabu kwa namna ya Kitaliano. Nafikiri katika yote waliyotufanyia, uamuzi wa kutotuletea irabu za Kiingereza ndio ninaowashukuru bila masharti.

Na tusidhani kwamba sikio la Kiswahili husikia vile vile kila mahali, bila kujali jirani aliyeleta neno. Ndugu zetu wa Lubumbashi, ambao jirani yao alikuwa Mbelgiji asemaye Kifaransa, husema biro kwa maana ya ofisi. Herufi ni u katika neno la Kifaransa, lakini u hiyo hutamkwa midomo ikiwa imeviringwa na ulimi ukiwa umesogea mbele mahali pa i. Sikio likachukua i. Herufi ile ile u, basi, imekuwa a kwa fundi wa Kipawa na imekuwa i kwa karani wa Lubumbashi, na wote wawili wamesikia sawasawa.

Kwa mtunga mashairi jambo hili lina faida ya pekee. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, aliweka wazi yale ambayo malenga walikuwa wakiyafuata kwa mazoea: mizani zihesabiwe, vina vilingane. Mizani huhesabu silabi, na silabi ya Kiswahili husimama juu ya irabu. Neno "bus" la Kiingereza ni pigo moja lililofungwa kwa konsonanti. Likiingia kwetu halina budi kufunguliwa kwa irabu ya pili, ndipo linapata mizani mbili, na kina chake hulingana na nafasi, kiasi na wasiwasi. Katika kuhesabu huko niligundua jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Neno lililoishia kwa konsonanti ya midomo hufunguliwa kwa u: klabu, balbu, stempu, timu, glavu. Lililoishia kwa konsonanti nyingine aghalabu hufunguliwa kwa i: basi, begi, plagi, soksi, boksi. Midomo inapokuwa imekwisha kukutana, u ndiyo iliyo karibu. Inapokuwa wazi, i huja yenyewe. Baadaye niliambiwa kwamba wataalamu wanaifahamu sana kanuni hiyo. Nilifurahi, ingawa nakiri nilifurahi zaidi siku zile nilipodhani kwamba naifahamu peke yangu.

Sasa nirudi kwa Mwingereza mwenyewe, kwa sababu ipo habari ambayo laiti ingejulikana katika shule zetu ingewapunguzia vijana fedheha nyingi. Sauti hii fupi ya "bus" si ya kale katika lugha yake. Zamani maneno "cut" na "put" yalikuwa na irabu moja, nayo ilikuwa karibu na u yetu. Katika karne ya 17, huko kusini mwa Uingereza, irabu hiyo iligawanyika: katika maneno mengi ilishuka na kuwa kama ilivyo leo, na katika machache, hasa yale ambayo midomo inaitangulia, ilibaki juu kama zamani. Ndiyo maana "but" na "put", ambayo jicho linayaona kuwa mapacha, leo hayatamkwi sawa. Na "full", "bull", "pull" na "push" yamebaki na u ya kale. Lakini mgawanyiko huo haukufika kaskazini ya nchi hiyo. Hadi leo watu wengi wa Leeds na Manchester hutamka "bus", "cup" na "love" kwa irabu iliyo jirani na u ya Kiswahili, nao ni Waingereza kamili, wenye vyuo vikuu na magazeti yao, na hakuna anayewaamuru wasimame juu ya kiti.

Tahajia nayo ina visa vyake. Ile o ya "son", "come" na "love" haikuwekwa kwa ajili ya sauti. Katika mwandiko wa karne za kati, herufi i, m, n, u na v zote zilikuwa mistari mifupi ya kusimama. U ikiandikwa karibu na m, n au v, msomaji aliona ua wa miti asijue herufi moja inaishia wapi. Waandishi wakabadili u kuwa o ili macho yapate kupumua. Shida ya kalamu ikatoweka, lakini o ikabaki. Kuhusu "blood" na "flood", hizo mwanzoni zilikuwa na irabu ndefu, kama oo mbili zinavyodokeza. Irabu ikapanda, ikafupishwa, ikaangukia mahali pa "bus", na maandishi hayakuhama. George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliudhika na tahajia hiyo hata akaacha fedha katika wosia wake ili ibuniwe alfabeti mpya ya Kiingereza. Ilibuniwa kweli, na mwaka 1962 tamthilia yake moja ikachapishwa kwayo. Waingereza wakaitazama kwa heshima, kisha wakaendelea kuandika kama walivyozoea.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya kijana mmoja niliyesoma naye kidato cha kwanza katika miaka ya themanini. Sote tulikuwa tumetoka shule za msingi, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka 1967, na tukavuka kwa hatua moja kuingia katika masomo ya Kiingereza. Siku moja katika somo la baiolojia aliamriwa asome kwa sauti, akafika kwenye neno "blood", akalisoma "blud", kwa u ya Kiswahili. Alikuwa amefanya kama lugha yake ilivyomfundisha, yaani kuziheshimu herufi. Na zaidi ya hapo, alilitamka kama mtu wa Leeds anavyolitamka. Mwalimu aliyekuwapo alimsimamisha, akamrudishisha neno hilo mara nyingi, darasa zima likacheka, na jina Bludi likamganda hadi kidato cha nne. Kuchekwa si kitu kikubwa katika maisha ya shule. Kilichokuwa kikubwa ni kwamba tangu siku ile kijana yule, ambaye katika hesabu alikuwa akituacha mbali, hakuinua tena mkono katika somo lolote linalofundishwa kwa Kiingereza, na masomo yote, isipokuwa Kiswahili na Siasa, yalikuwa ni hayo. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sitaki kulifufua shauri hilo hapa. Nasema tu kwamba maadamu vijana wetu wanavuka mto huo, anayewavusha anapaswa kujua mawe yalipo.

Binti yangu wa mwisho alipovuka, alirudi nyumbani jioni moja akaniuliza, "Baba, kwa nini 'country' si kauntri, na 'count' ni kaunt?" Nilimwambia, "Mwanangu, swali lako ni zuri kuliko jibu lake." Tukakaa barazani na daftari. Sikumpa kanuni za herufi, kwa kuwa hazipo za kutosha. Nilimwandikia juu ya ukurasa neno "basi" la Kiswahili, nikamwambia kila neno la Kiingereza atakalolisikia likiwa na sauti ya nyumba hiyo aliingize chini yake, bila kujali limeandikwaje: "bus", "son", "country", "blood", "month", "money". Juu ya ukurasa wa pili tukaandika "begi", na chini yake "bag", "map", "hand". Baada ya majuma machache kurasa zilijaa. Hakuambiwa kwamba sikio lake ni bovu. Aliambiwa kwamba sikio lake tayari linajua, na kwamba fundi wa pancha alilijua neno hilo kabla yake. Walimu wa Kiingereza walio wazuri, nao wapo, hufanya jambo kama hili. Ningependa lifanywe na wote, na orodha kama hizo ziwemo katika vitabu vya kidato cha kwanza, kwani maneno ya Kiswahili yaliyotoka Kiingereza ni hazina ambayo mwanafunzi anaingia nayo darasani akiwa hajui kwamba anayo mfukoni.

Darasani irabu hiyo humgusa mtu kwa miaka michache. Katika majalada ya ofisi humfuata hadi kaburini, na zaidi ya kaburi.

Tuchukue jina la Julius. Herufi u imo mara mbili. Ya kwanza Mwingereza huitamka u, nasi twaisikia u. Ya pili, ile ya mwisho, ni irabu fupi iliyolegea kuliko hata ile ya "bus", na sisi twaisikia a. Kwa sikio la Kiswahili, basi, jina hilo ni Juliasi. Mwalimu Nyerere, ambaye jina hilo lilikuwa lake, alilifahamu jambo hilo vizuri. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilipochapishwa mwaka 1963 iliitwa Julius Caezar. Ilipotoka tena mwaka 1969 baada ya kusahihishwa, jina lake likawa Juliasi Kaizari. Katika miaka sita mtafsiri alikuwa amehama kutoka jicho kwenda sikio. Lakini jina lake mwenyewe aliendelea kuliandika Julius, na ndivyo lilivyoandikwa kwenye uwanja wa ndege ulio jirani nasi hapa Kipawa, ambao unaitwa kwa jina lake tangu katikati ya miaka ya 2000. Yeye aliweza kuwa na tahajia mbili bila madhara, kwa kuwa hakuna karani ambaye angemuuliza yeye ni yupi.

Wananchi wengine hawakujaliwa hivyo. Miaka kadhaa iliyopita alikuja katika ofisi ninayofanya kazi mama mmoja mzee, mjane wa mtumishi wa daraja la chini aliyebatizwa jina hilo hilo. Cheti chake cha ubatizo, kilichoandikwa kijijini na mtu aliyefuata sikio, kilisema Juliasi. Jalada la kazi, lililofunguliwa mjini na mtu aliyefuata jicho, lilisema Julius. Cheti cha ndoa kilifuata ubatizo, na cheti cha kifo kilifuata jalada. Ofisi iliyopaswa kumlipa, ambayo si yetu, ilimwambia kwamba nyaraka zake ni za watu wawili: mmoja alikuwa mume wake, na mwingine alikuwa mtumishi aliyefariki. Akatakiwa apeleke kiapo cha mwanasheria, na kiapo kilipofika kikaonekana kina upungufu, akarudi tena. Kila safari alilipa nauli ya basi kutoka mkoani. Nilipokuwa nikimwandikia barua ya kuthibitisha kwamba jalada letu na cheti chake ni vya mtu mmoja, alinitazama akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyekuwa ukifanya naye kazi, ungemwita kwa lipi asiitike?"

Swali hilo sijalisikia likijibiwa katika waraka wowote wa utumishi. Ukiyatamka majina hayo mawili mlangoni, atageuka mtu yule yule. Tofauti iko kwenye karatasi tu, nayo ni tofauti ya tahajia mbili, kila moja ikiwa na sheria zake, na kila moja ikiwa imeandikwa na mtu mwaminifu. Alilipwa hatimaye. Tangu hapo, kila ninapofungua jalada jipya huandika kwa penseli, kwenye pembe ya ndani ya jalada, jina kama mwenyewe anavyolitamka na tahajia nyingine zinazoweza kutokea: Justus na Justasi, Agnes na Agnesi, Augustus na Agastasi. Si utaratibu rasmi, na mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza kama hayo ni mashairi. Lakini naamini ingekuwa nafuu kwa taifa kama fomu za usajili zingekuwa na mstari mmoja wa ziada kwa ajili ya jina kama linavyosikika, kwani watu wetu wengi walipewa majina yao kwa kuitwa kabla hayajaandikwa, na mashine za sasa zinazolinganisha majina herufi kwa herufi hazina sikio hata la kukosea.

Lipo jambo moja limebaki. Baadhi ya wenzangu katika utunzi hunung'unika kwamba vijana wa leo wameupoteza ustadi huu, kwamba wanachukua Kiingereza kizima kizima, na kwamba sikio la zamani limekufa. Mimi siafiki, na ushahidi wangu ni neno ambalo vijana wanaouza vocha hapa stendi hulitamka mara mia kwa siku. Mtu akitaka kununua kifurushi cha intaneti, hakiiti "bundle", anasema bando. Irabu fupi ya u imekwenda kwenye a, kama ilivyokwenda katika pancha. Na ile l ya mwisho, ambayo Mwingereza huitamka kwa kuumeza ulimi, imesikika o. Nani aliyewafundisha? Wazazi wa vijana hao walipokuwa wadogo walikwisha kusema anko kwa "uncle", na dabo kwa "double": a mahali pa irabu fupi, o mahali pa l iliyomezwa, sawasawa na bando. Maneno hayo matatu hayakuingia siku moja, wala hayakuletwa na watu wa kazi moja, na katika Kiingereza herufi zake za irabu hazifanani zote. Nilimuuliza kijana mmoja anayeuza vocha jinsi neno lake linavyoandikwa kwa Kiingereza. Alinionyesha tangazo la kampuni lililobandikwa ubaoni, juu ya kichwa chake, lenye herufi zote za Kiingereza mahali pake. Kisha akamgeukia mteja akamwuliza anataka bando la siku au la wiki.